Naomba ushauri: wanangu hawamjui Mbaraka Mwinshehe

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa nasafisha kabati la marehemu baba, nikakuta kaseti kumi na saba. Za Morogoro Jazz na Super Volcano (bendi za dansi alizopigia Mbaraka Mwinshehe), Marijani Rajab na Dar International, na tatu za Remmy Ongala. Majina kaandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, mengine yameshafifia. Mwanangu wa miaka 14 akaishika moja, akaigeuzageuza, akauliza, "Baba, hii unaichomeka wapi?" Nikamwambia huyo ni Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Akaniuliza kama alikuwa mchezaji wa Yanga. Kusema kweli iliniuma.

Simlaumu. Redio tulizokua nazo zilipiga dansi mchana kutwa, yeye amekulia kwenye simu, na singeli anaijua mpaka waimbaji ambao mimi sijawahi kuwasikia. Lakini baba alikuwa akizungusha hizo kaseti kwa penseli zikijikunja, sitaki ziishie jalalani.

Naombeni msaada kwa mawili. Kwanza, kwa hapa Dar nani anahamisha kaseti kwenda kwenye flashi bila kuharibu utepe? Moja tayari imeota ukungu. Pili, wenye watoto wa rika hilo, mliwaanzishaje hadi wakapenda muziki wa zamani? Nikiwakalisha chini na kuwahubiria, wanashika simu. Nilifikiria kuanza na Remmy, maana maneno yake yanaeleweka haraka. Au nianze na nani?