Naomba ushauri: reli iliyong'olewa naichoraje kwenye ramani?

Wakuu, habari zenu. Niko Lindi, nachora ramani ya ukutani ya Kusini kwa QGIS (programu ya kompyuta ya kuchora ramani): mito, miji na reli. Ruvuma na Mbwemkuru nimeshamaliza. Kinachonitoa jasho ni reli ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga enzi za ukoloni, ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyofungwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Kwenye picha za setilaiti tuta linaonekana kipande, halafu linapotelea kwenye mikorosho. Wazee wanaelekeza, ila kila mmoja na njia yake! Pasipo na uhakika niweke nukta nukta au niache wazi? Na vijito vya mto Lukuledi vinavyokauka kiangazi, mnatumia mstari gani? Mwenye ramani ya miaka ya 1950 anisaidie tafadhali.