Bunduki ya babu (.303) na nguruwe pori wa Muheza: itafaa kulindia shamba?

MjukuuWaNyapara

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Muheza, mkoa wa Tanga. Nina ekari nne na nusu: mahindi bondeni, mihogo kilimani, na michungwa aliyoacha marehemu baba. Msimu huu nguruwe pori wamenimaliza. Usiku wa Jumanne iliyopita waliingia mihogoni, asubuhi nikahesabu mashina 63 yaliyofukuliwa, na yote nilikuwa niyang'oe mwezi ujao. Tena si kwamba wanakula wakashiba. Wanang'ata muhogo katikati, wanautupa, wanahamia shina jingine. Kukicha wao wanaenda kulala, nyani wanashuka kushika zamu kwenye mahindi.

Nimelala dunguni wiki tatu na debe na tochi. Mke wangu yuko upande wa pili na debe lake. Siku ya kwanza debe linawatimua. Siku ya nne wanalisikia kama ngoma ya jirani, wanaendelea kula huku unapiga.

Sasa kuna bunduki ya babu. Babu alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge, na mzungu mwenye shamba alipokuwa anaondoka mwaka 1967 alimuuzia kwa kibali. Baadaye baba akaimiliki kwa leseni yake mwenyewe. Baba alifariki mwaka juzi, tukaikabidhi kituoni, na iko ghalani kwao mpaka leo. Mirathi imeshapita mahakama ya mwanzo, msimamizi ni mimi, na ndugu zangu wameridhia niombe leseni.

Mwezi uliopita nilikwenda kituoni nikaruhusiwa kuitazama, askari akiwa ameishika mwenyewe. Kwenye bangili ya chuma nyuma ya bolti nilisoma: taji, herufi GR, B.S.A. Co., 1917, SHT. L.E. III*. Namba ya kwenye mkono wa bolti inaishia 418, ya kwenye mwili wa bunduki inaishia 733. Kitako kina ufa uliofungwa kwa waya wa shaba. Huo waya naukumbuka, babu aliusokota kwa koleo nikiwa namshikia taa ya chemli.

Maswali yangu ni haya. Silaha ya umri huo bado inafaa kwa nguruwe na nyani, au nitajiumiza? Na kuna jambo moja halijanitoka kichwani. Mwaka 1998 baba alimpiga nguruwe dume hatua chache tu kutoka dunguni. Sote tulisikia risasi ikigonga. Mnyama akakimbia. Tulifuata damu mpaka mtoni, ikapotea. Siku ya tatu harufu ndiyo iliyotuonyesha alikofia. Nilikuwa mtoto, nililia, na sitaki tena mnyama afe hivyo kwa mkono wangu. Ilikuwa shabaha mbaya au ni bunduki?

Ukoo mzima unasema ni bunduki ya vita vya Tanga vya 1914. Mwenye kujua anieleze na hilo.

---

Mzee wa Ghambo

Mwanangu, pole kwa mihogo, na Mungu amrehemu baba yako. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori miaka 27, na .303 (Lee-Enfield fupi ya Waingereza, ndiyo hiyo SHT. L.E. uliyoisoma) ndiyo iliyokuwa begani kwangu miaka mingi kati ya hiyo. Naipenda bunduki hiyo, ndiyo maana sitakuficha kitu.

La kwanza ni karatasi. Leseni inafuata mtu, haifuati bunduki. Ya baba yako imekufa naye. Utaomba yako upya chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na mpaka uipate usiiguse, hata kwa kuipangusa. Mlifanya vizuri sana kuikabidhi. Wengi huificha darini, siku inapoonekana familia nzima inaingia matatani.

Halafu kuna sheria ya wanyamapori ya 2009. Kuwinda usiku na kummulika mnyama kwa taa ili umpige kumekatazwa. Kulinda mali yako ni mlango mwingine, lakini mlango huo unapitia kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mwite aje aone mashina 63 kwa macho yake, upate maelekezo kwa maandishi. Na ukiua, toa taarifa. Mzoga ni nyara ya serikali, usimgawie jirani hata kama wewe humli.

Sasa tuje kwenye chuma. Hizo namba mbili ulizosoma zimenishtua. Bunduki hizi ziliunganishwa kiwandani kila moja na bolti yake, ndiyo sababu namba hufanana. Yako imevalishwa bolti ya nduguye. Huenda inakaa sawa, huenda hapana. Kama kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi kuna nafasi iliyozidi, ganda linavutika nyuma linapolipuka, na siku moja linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Ukiwa na bahati unabaki na kipande kilichokwama. Usipokuwa na bahati gesi ya moto inarudi usoni.

Fundi bunduki mwenye leseni ana vipimo vya chuma vya kupimia nafasi hiyo. Apime yeye. Na risasi za kwanza zipigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye benchi, kamba kwenye kifyatulio, watu wamejitenga. Kisha chukua ganda, tazama karibu na kitako chake. Ukiona pete inayong'aa inazunguka ganda, chukua waya mwembamba, upinde ncha yake kama ndoana ndogo, uingize ndani ya ganda na uukwaruze kutoka chini kuja juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji pale pale penye pete, basi bunduki hiyo usiipige tena mpaka itengenezwe. Kidole hakiwezi kukuambia, waya unakuambia.

Ufa wa kitako ni kazi ya seremala mzuri. Waya wa babu usiutupe, uweke.

Kuhusu nguruwe wa 1998: baba yako hakukosa shabaha. Nitakwambia kilichotokea, karibu nina hakika. Alitumia risasi ya kijeshi. Zile zimevikwa koti la chuma mpaka kwenye ncha. Mwaka 1899 mataifa yalikubaliana kule The Hague kwamba askari wasipigane kwa risasi zinazofumuka mwilini, na zilizowaudhi zaidi ni za .303 hii hii, zenye ncha laini, zilizotengenezwa Dum Dum karibu na Calcutta. Kwa binadamu ni huruma. Kwa mnyama inageuka: risasi inapenya, inatokea upande wa pili ikiwa nzima, na dume la nguruwe mwenye kilo 80 anakwenda nalo tundu dogo mpaka mtoni. Mwindaji hutumia ncha laini, ikigonga inafunguka kama ua, mnyama anaanguka karibu. Ukipata leseni, omba kibali cha risasi za ncha laini. Ukikosa, usimpige. Lenga nyuma kidogo ya bega la mbele, chini ya katikati ya mwili.

Tena, kipimo cha chini kabisa cha shabaha ya bunduki hiyo ni yadi 200. Nguruwe wako yuko hatua 40. Risasi itagonga juu kidogo ya ulipolenga.

Nyani usiwapigie bunduki hii kabisa. Wanakaa juu ya mti, utapiga kuelekea angani, na risasi ya .303 inasafiri zaidi ya kilomita 2 kabla ya kutulia. Nani yuko kilomita 2 kutoka kwako?

---

Chumbageni77

Nijibu la vita, nimelipenda. Hapana ndugu, haiwezi kuwa ya 1914. Vita vya Tanga, Waingereza walipowavamia Wajerumani kutokea baharini, vilikuwa Novemba 1914 na bunduki yako imegongwa 1917. Muhuri wa kiwanda haudanganyi.

Ni kweli Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki mamia na risasi nyingi, na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakazichukua, kwa hiyo hadithi ya wazee wenu ina mzizi. Wengi wa askari hao walikuwa bado na bunduki za Kijerumani aina ya Mauser za muundo wa 1871, za baruti nyeusi: ukipiga mara moja, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo. Ndiyo maana Rubens, meli ya Wajerumani iliyobeba silaha na risasi, ilipopenya mpaka ghuba ya Manza, hapo kaskazini yetu, Aprili 1915, ilikuwa neema kwao. Waingereza waliipiga ikazama kwenye maji mafupi, lakini shehena iliokolewa. Risasi zilikuwa zimelowa, ikabidi zifunguliwe na kukaushwa moja moja, na hata hivyo nyingi ziligoma.

Ya babu yako itakuwa imekuja na Waingereza baadaye. Imekaa Tanga muda mrefu kuliko yeyote kati yetu, na hiyo peke yake inatosha kuitunza.

---

Mtanga_Texas

Nipo Texas mwaka wa 11, naendesha lori, nyumbani ni Pongwe. Huku adui wa wafugaji ni koyote, mnyama kama bweha wetu ila mkubwa zaidi. Hana msimu wa kufungwa, anawindwa mwaka mzima. Jirani yangu mfugaji alikuwa na Mosin-Nagant, bunduki ya vita ya Kirusi, ya 1943, aliinunua enzi zilipokuwa za bei ya chini. Siku moja akanichukua. Tukakaa kwenye nyasi, akapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyenaswa, na koyote akaja mwenyewe, mbio, masikio mbele.

Akampiga, koyote akaanguka palepale. Ila tuliposimama tukasikia maji. Risasi ya kijeshi ilikuwa imempita mnyama, ikapita nyasi, ikatoboa tangi la bati la kunyweshea ng'ombe ambalo hatukuliona kabisa kwa sababu ya mteremko. Mzee yule alikaa kimya muda mrefu akitazama maji yakimwagika. Kesho yake ng'ombe wangekuwa wamesimama hapo.

Tangu siku hiyo anatumia .223, risasi ndogo yenye kasi inayovunjika ndani ya mnyama. Wengi huku wanafanya hivyo kwa koyote. Bunduki ya vita iliundwa ifike mbali na ipite kitu. Kwa nguruwe mkubwa nakubaliana na Mzee, ila ujue kilicho nyuma yake.

---

Mama Zubeda wa Pangani

Mimi bunduki siijui, shamba nalijua. Baba, watoto wa kijijini kwako wanapita wapi kwenda shule? Huku kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri wako njiani, giza bado, hawana tochi, na saa hiyo ndiyo nguruwe wanatoka shambani. Nakuomba ujibu hilo kabla ya kuuliza ya risasi.

Na upande wa mihogo panda ukuta wa mkonge, mistari miwili, uipishanishe. Unachukua miaka, mwaka wa kwanza utaona ni kazi bure. Wangu sasa una miaka sita na nguruwe wanaingia kwa jirani tu.

---

MjukuuWaNyapara

Mama Zubeda, shikamoo, na ahsante. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, halafu jana alfajiri nikaenda kukaa dunguni bila debe, nitazame tu.

Dungu langu limeelekea bondeni, na njia ya watoto inapita nyuma ya mahindi, hatua 140. Kutoka dunguni haionekani kwa sababu mahindi yameshapita kichwa. Nilisikia sauti zao tu, wanaimba, halafu kichwa kimoja chenye hijabu nyeupe kikatokea kwenye pengo na kupotea. Nimelilia mihogo wiki tatu na sikuwahi kuwaona. Baba alipiga kuelekea upande huohuo. Enzi zake hapakuwa na njia.

Mzee wa Ghambo, shikamoo. Umeniondolea mzigo wa miaka mingi kuhusu baba. Nimemsomea mama ujumbe wako kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Alikuwa anasema hivyo hivyo, kwamba alimpata."

Afisa wanyamapori anakuja Alhamisi. Nina swali moja lililobaki: nikihamisha dungu juu ya kilima nikawa napiga kushuka, risasi inaingia ardhini?

---

Mzee wa Ghambo

Marahaba mwanangu. Ndiyo, hivyo ndivyo tulivyofanya. Dungu lipande mita 4, lisogee karibu, nguruwe awe hatua 25 hadi 30 nawe umtazame kwa chini, na nyuma yake pawe na udongo wa kilima. Udongo mwekundu wa kwenu hauna mawe, ni mzuri, jiwe linarusha risasi pembeni. Kabla ya kulijenga, panda mahali penyewe na fito ndefu, ilekeze kila anapoweza kusimama mnyama, na mtu asimame kule ncha inakoelekea. Kama fito inaonyesha mbali zaidi ya kilima, hapo hapapigwi, hata aje nguruwe wa aina gani. Funga kamba nyeupe mwisho wa eneo lako la kupiga ili uione gizani.

Na siku ukiipata mkononi: ukitumia risasi za zamani, fataki zake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaondoi chumvi. Toa bolti, chemsha maji lita 2, yamimine kwa faneli kutoka chembani yatokee mdomoni, usiku huohuo, usingoje asubuhi. Mtutu utapata moto na utajikausha wenyewe. Kisha kitambaa, kisha mafuta. Kwa hewa ya bahari ya Tanga, ukilala bila kufanya hivyo, asubuhi unakuta kutu nyekundu.

Ukipata ganda la kwanza kwa fundi, lipige picha karibu na kitako, ulilete hapa nilione.

---

MjukuuWaNyapara

Nitaleta. Fito nimeshakata, ya mwanzi, mita 5. Mdogo wangu anakuja Jumamosi kusimama upande wa pili. Na miche ya mkonge nimeomba 200 kwa mtu wa Ngomeni.