Boti ya baba: nizibe na gudroni (lami) ao na pamba?

Mutoto wa Ziwa
Jambo bandugu, nahitaji mashauri. Baba aliniachia boti ya mbao, metre 11, ilikuwa inaleta ndizi na muhogo toka Idjwi na Minova mpaka hapa Goma, ku ziwa Kivu. Miaka mbili haijagusa maji. Tangu raisi wa Kongo alitangaza hali ya dharura ya corona tarehe 24/3/2020 na mipaka ikafungwa sina kazi tena (nilikuwa navukisha bintu ku Gisenyi, Rwanda), nikasema bora niitengeneze. Sasa ni juma ya tatu nalala ndani yake, juu nikitoka tu batabeba mbao. Shida ni hii, nafasi kati ya mbao zimefunguka, kuko fasi kidole kinaingia, na mbao mbili za chini zimeoza. Jirani anasema nichemshe gudroni ya barabara nimwage kote, siku mbili kazi imeisha. Ni kweli? Na rangi, nipake mara moja? Baba alikuwa anafanya hii kazi kila mwaka na mimi sikumwangalia, njo inaniuma.

Fundi wa Kalehe
Mwanangu, gudroni acha. Jua inailainisha, rangi haishiki juu yake, na maji ya mvua yenye imeingia inabakia chini yake inaozesha mbao pole pole. Ziwa yetu haina chumvi, kwa hiyo mvua yenye inatuama ndani ya boti ni adui kuliko maji ya ziwa. Funika na bashi (turubai) lakini pembeni uache upepo ipite.
Zile nafasi zisikuogopeshe, mbao ikikauka inajivuta, ikirudi mu maji inavimba. Pinda pamba kama kamba, gonga kidogo kidogo na patasi yenye haikate. Ukiijaza kwa nguvu saa hii mbao iko mukavu, siku itavimba itakosa fasi ya kwenda itang'oa misumari, nimeona boti nzima imeharibika vile. Zenye zimeoza chokoa na turnevisi (bisibisi), kata mpaka ukute mbao nguvu, weka mbao ya libuyu. Mukalitusi hapana, unajipinda. Rangi ngojea mwezi ya sita mvua ikiisha. Kiisha uiteremshe, itavuja siku kazaa, wewe unatoa maji tu, usiongeze pamba.

Mama Sambaza
Batu banajibu mambo ya mbao, mimi nauliza boti iko fasi gani? Unalala wapi kabisa?

Mutoto wa Ziwa
Keshero mama, mu shimo kati ya mawe ya volkano karibu na maji. Fasi nzuri, upepo haifike. Usiku ni baridi nawasha mbabula ya makala, ila juzi ilizimika mara mbili, nilizani makala iko na maji.

Mama Sambaza
Toka humo leo!! Ile ni mazuku. Ni gazi nzito, haina rangi, inashuka mu mashimo sawa maji, na kama upepo haifike njo mubaya zaidi juu hakuna kitu cha kuifukuza. Usiku na asubuyi mapema njo inakuwa mingi. Kwetu Himbi tunaona ndege na panya zimekufa chini, mutu akiinama tu anaanguka na mwenye anaenda kumutoa naye anabakia. Moto kuzimika ilikuwa inakuambia. Na ile mbabula yenyewe ndani ya boti yenye umefunika inaua pia, hata kama mazuku haiko.

Fundi wa Kalehe
Mama anasema kweli, sikufikiri kuuliza. Boti itangoja.

Mutoto wa Ziwa
Mwili imetetemeka. Nimetoa godoro, niko ku baraza ya jirani. Kesho upepo ikianza tutakuwa batu munane tuipandishe juu karibu na njia, tumepata miti ya kuviringisha. Fundi, zile mbao mbili zilizooza hazitapasuka tukivuta?

Fundi wa Kalehe
Kamba ifunge ku mkuku (ile mbao kubwa ya chini katikati), usifunge ku mbao za pembeni. Miti iwe tatu chini kila saa, na mutu moja asivute, aangalie tu ile fasi yenye imeoza. Aseme simama, musimame bote.

Mama Sambaza
Na hakuna mutu kushuka mu shimo mbele ya saa ine ya asubuyi. Ukifika juu utuandikie.