Nyuzi zinashika kutu, daraja la gitaa linabanduka: mnatunzaje vyombo hapa Tanga?

Rizimu_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Bendi yetu inapiga harusini na kwenye hoteli za Raskazone, na wikiendi tunatoka kwenda Muheza, Korogwe, mara nyingine Lushoto. Nyuzi za magitaa ya umeme hazimalizi wiki mbili, zile nyembamba ndizo zinatangulia kushika kutu. Gitaa la mbao nalo daraja (kile kipande cha mbao kifuani kinachoshika nyuzi) limeanza kuinuka kwa nyuma, karatasi inapenya chini yake. Jeki za waya za sauti zinakwaruza. Vyombo vinalala stoo ya bati, kwenye mabegi ya kitambaa. Tuna na fidla moja ya taarab. Nianzie wapi? Na huu mchele wanaosema tuweke kwenye begi, unasaidia kweli?

Fundi_Nyuzi
Kaka, anzia kwenye jasho na chumvi. Chumvi ikishabaki kwenye uzi, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 inavuta maji na kuyeyuka yenyewe. Pwani yetu usiku unyevu unapita hapo mara nyingi, kwa hiyo uzi ulioonekana mkavu saa nne unalowana tena saa nane ndani ya begi. Kufuta kwa kitambaa kikavu peke yake kunaisambaza chumvi tu, hakuiondoi.

Mkimaliza kupiga, chukua kipande cha kanga kuukuu, kilowanishe kwa maji baridi ukikamue sana, halafu pitisha uzi mmoja mmoja, juu na CHINI yake, maana kutu huanzia upande wa chini ambao hakuna anayeufuta. Futa na nyuma ya shingo, pikapu (zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti), na skrubu za daraja. Fuata na kitambaa kikavu. Liache gitaa nje ya begi kama nusu saa ndipo ulifunge. Gitaa lililofungwa likiwa na jasho linaharibika haraka kuliko lililotundikwa ukutani usiku kucha.

Skrubu za daraja la gitaa la umeme zipakwe mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, usimimine. Mafuta ya nazi usiguse: yanachacha, yananata na kukusanya vumbi.

Mchele unanyonya kidogo mno, unaacha unga na kuita wadudu. Tafuta silika jeli, yaani punje za kunyonya unyevu, ya rangi ya chungwa, ile inayogeuka kijani ikishiba. Gramu 100 kwa kesi moja ni mwanzo mzuri. Ikishiba iweke kwenye oveni nyuzijoto 120 kwa saa mbili au tatu, inarudi kazini. Ila kwenye begi la kitambaa ni hela ya bure, kwa sababu hewa inaingia kutwa. Nunua kesi ngumu yenye mpira mdomoni kwanza, jeli baadaye.

Nunua na kipima unyevu kidogo, ukihakiki hivi: chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, uiweke na kipimo ndani ya kopo lisiloingiza hewa kutwa nzima. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, ujue kila mara unaongeza 5. Ndani ya kesi lenga 45 hadi 55.

Seremala_wa_Gitaa
Naongezea kwenye daraja. Legeza nyuzi zote leo hii, usilipige tena mpaka litengenezwe. Mvuto wa nyuzi unaweza kubandua na vipande vya mbao ya kifua. Chanzo kikubwa ni joto. Gundi nyingi za mbao zinaanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, na buti ya gari lililoegeshwa juani inaweza kukaribia huko. Stoo ya bati nayo muihame.

Usikubali fundi amimine supaglu au epoksi kwenye ufa. Kazi sahihi ni kulipasha daraja moto taratibu, kulitoa lote kwa kisu chembamba bapa, kukwangua gundi kuukuu pande zote mpaka mbao tupu ionekane (gundi ya mbao haishiki vizuri juu ya gundi kavu), kupaka mpya na kubana kwa klampu saa 24 kabla ya nyuzi.

Kama nyuzi zimekuwa juu, usikimbilie kulisaga daraja. Mbao ikinyonya unyevu kifua huvimba, ikikauka kinashuka. Pima shingo kwanza: bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Milimita 0.25 yatosha, karibu karatasi mbili na nusu za kuchapia. Ikizidi, kaza chuma kilichopita ndani ya shingo robo mzunguko, uache mpaka kesho, upime tena.

Fidla_na_Dumbaki
Spiriti isikaribie fidla kabisa, inayeyusha vanishi. Unga wa ulimbo ufutwe kila mara kwa kitambaa kikavu laini. Upinde ulegezwe ukimaliza kupiga: pwani nywele zinarefuka kwa unyevu, ukienda Dodoma zinakaza na kuuvuta ule mti. Nyuzi badilisha mmoja mmoja, ukizitoa zote kijiti cha ndani kinaanguka na sauti inakufa. Ngoma za ngozi ya mbuzi za kukaza kwa skrubu ni vilevile, legeza baada ya shoo. Ukiikaza sana ikiwa na unyevu, ikikauka inapasuka.

Rizimu_Ngamiani
Asanteni sana. Na jeki?

Fundi_Nyuzi
Spiriti ya mafundi simu, ya asilimia 99, kwenye pamba. Zima kila kitu, sugua ncha ya waya, uichomeke na kuichomoa mara kumi huku inaloa, iache ikauke. Grisi hapana.

Lushoto nako kuna jambo. Mkishuka usiku vyombo vimepoa, mkifika Mombo hewa ni ya joto na unyevu, maji yanatua kama umande juu ya chuma na ndani ya amplifaya. Msifungue kesi wala kuwasha chochote kwa saa moja au mbili, mpaka ukigusa chuma kisiwe baridi tena.