Kolestro iko chini bila vidonge, kuna haja ya kuendelea na dozi?

Mangi wa Pasua: Wakuu habari za jioni, niko Moshi, naomba ushauri maana hata usingizi sipati. Mwaka jana nilikutwa na kolestro, ile mbaya (LDL) ilisoma 4.4, nikaanzishiwa atorvastatin ikashuka mpaka 2.7. Vidonge nikaviacha nikahamia kwenye kitunguu swaumu na tangawizi, juzi nimepima imesoma 2.9! Sasa kuna haja gani ya kumeza dawa kila siku wakati mwili umejirekebisha? Natanguliza shukrani.

Kisusio Moto: Mangi punguza kitimoto na mbege, hayo mengine mbwembwe.

Mama Kiborloni: Mdogo wangu usichezee dawa. Baba yetu aliacha za presha akasema amepona, akaanguka shambani tena siku ya kuvuna kahawa, na mpaka leo kaka zangu wanagombania kile kihamba, yule mkubwa ameshaweka na uzio, wewe fikiria uzio kwenye kihamba cha ukoo!

Siti ya Mbele: Nimekaa na karanga zangu.

Dada wa Maabara: Mtoa mada, siku unapima ulikuwa mzima? Weka majibu yote, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu), HDL (ile kolestro nzuri) na sukari.

Mangi wa Pasua: Dada mafuta si ni mafuta tu. Haya, trigliseridi 3.4, HDL 0.7, sukari kabla ya kula 7.9. Nilikuwa na kamafua kidogo.

Dada wa Maabara: Kamafua ndiko kalikokupeleka kupima mafuta?

Mangi wa Pasua: Sawa basi, ilikuwa influenza, walinipima wakathibitisha, homa 39, nikalazwa na nilikuwa nashindia uji. Lakini mafua yako kifuani, kolestro iko kwenye damu, vinahusiana wapi? Naona mnatafuta sababu ya kunirudisha kwenye vidonge.

Nyundo ya Sakina: Hii chai. Mafuta mabaya yashuke, trigliseridi ipande, na sukari juu, kwa mtu anayeshindia uji? Huyu anauza unga wa kitunguu swaumu, subirini kesho atupie namba ya simu. Modi funga uzi.

Siti ya Mbele: Asisubiri kesho, mimi nataka robo kilo 😂

Mangi wa Pasua: Siuzi kitu mimi, nina duka la spea za pikipiki.

Dada wa Maabara: Nyundo, anayetunga angeshusha zote. Hiyo unayoiona haiwezekani ndiyo sura ya damu ya mtu mwenye maambukizi. Mwili ukipambana na kirusi, LDL na HDL zinashuka, hapo hapo ini linamwaga trigliseridi kwa wingi na kile kimeng'enya cha kuziondoa kwenye damu kinafanya kazi kwa uvivu, kwa hiyo zinajaa. Insulini nayo inasikilizwa kidogo, sukari inapanda hata kama umekula uji tu. Kwenye Uviko-19 waliolazwa walionekana hivyo hivyo. Mangi, 2.9 yako ni ya homa, tangawizi haihusiki. Rudi kwa daktari wako, vipimo virudiwe ukishapona kabisa, mwezi mmoja au miwili hivi, na sukari usiisahau.

Mangi wa Pasua: Kwa hiyo si afadhali? Flu imenishushia bure.

Dada wa Maabara: Imeshusha namba, hatari imepanda. Utafiti wa Ontario, Kanada, wa 2018 ulikuta siku 7 za kwanza baada ya influenza kuthibitishwa, uwezekano wa shambulio la moyo ni kama mara 6 ya kawaida. Mishipa inavimba, damu inaganda kirahisi. Na wewe ndio ulikuwa umeacha dawa.

Nyundo ya Sakina: Bado nasema ni chai, ila chai yenye shule.

Kisusio Moto: Kwa hiyo kitimoto hakijaguswa kwenye huo utafiti?

Mangi wa Pasua: Nimeelewa dada, nitarudia nikipona hiki kikohozi. Ila kuanza dozi tena sasa hivi ni ngumu, vidonge vilivyobaki nilimpa mama mkwe, naye ana kolestro.

Mama Kiborloni: Weee!

Dada wa Maabara: Mama mkwe alipimwa lini, na wapi?

Mangi wa Pasua: Hajapimwa, ila ni mnene.