Bampa ya RAV4 imepauka, nifanyeje?

Dereva wa Arua:
Wakuu, nina RAV4 ile ya zamani ya milango mitano. Plastiki nyeusi za chini, yaani bampa, fenda na ule ukanda wa mlangoni, zimekuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Raba za mlango wa dereva nazo zimekauka, mvua ikinyesha maji yananidondokea gotini. Vijana wanaoosha gari hapa wananipakia dizeli iliyochanganywa na oili chafu. Inang'aa mpaka jioni, kesho yake imenasa vumbi lote jekundu la murramu. Nataka kuiuza baada ya Idi, na wanunuzi wa huku wakiona bampa imepauka wanakata bei kabla hata ya kufungua boneti. Dawa yake nini?

Boda Ntinda:
Paka Vaseline asubuhi, uza mchana. Mnunuzi akirudi jioni, hujulikani.

Fundi Rangi Katwe:
Usimsikilize huyo. Kaka, hiyo dizeli iache leo leo. Plastiki itaivumilia, raba haiivumilii: raba nyingi za milango ni za aina ya EPDM, na hiyo haipatani kabisa na mafuta ya petroli, dizeli wala oili. Inavimba, inalegea, mwisho inachanika.

Halafu ule ukijivu si uchafu. Kiwandani wanachanganya masizi kwenye plastiki ili iwe nyeusi na ikinge jua. Miaka ikipita jua linakula ngozi ya juu, inabaki na vipasuko vidogo usivyoviona kwa macho. Mafuta yakijaa humo unaona weusi, mvua ikiyatoa ukijivu umerudi. Ndiyo maana kila wiki unapaka upya.

Kazi kubwa ni kuosha. Sabuni ya vyombo na brashi ngumu, usugue kwenye vile vinyweleo vya plastiki maana dizeli imejificha mle. Rudia mpaka povu litoke jeupe. Ikikauka, pangusa kwa spiriti. Hapo ndipo upake ile dawa ya kurudisha weusi inayokauka na kushika, siyo ya kung'arisha tairi. Pakia kivulini, kwa sponji, nyembamba, na isipate mvua siku nzima.

Kama bampa imechubuka sana, piga rangi. Kwaruza kidogo kwa msasa laini, weka praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikisha, kisha nyeusi isiyong'aa. Ukiruka praima rangi itabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Na nyeusi ya kung'aa usithubutu, mnunuzi ataiona toka getini.

Mama Taxi Bombo:
Fundi, na ile ya kuchoma kwa mashine ya hewa moto? Jirani alifanyiwa, ikawa nyeusi ti.

Fundi Rangi Katwe:
Inakuwa nyeusi kweli, mama, ila jua likiendelea kupiga inapauka tena, na huwezi kuichoma kila mwaka. Mkono ukiteleza umebabua rangi ya fenda.

Dereva, kuhusu maji ya gotini: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, raba imekufa, hakuna cha kupaka. Tafuta iliyotumika Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, uikague kona, huko ndiko huanza kuchanika. Kikishika, ioshe kwa maji ya sabuni, paka grisi ya silikoni kiasi. Na kama gari ina dirisha la juu, angalia vibomba vyake vya kutolea maji. Vumbi la huko kwenu linaviziba, maji yanashukia ndani.

Dereva wa Arua:
Dirisha la juu sina. Karatasi imetoka yenyewe upande wa juu, chini imeshika. Nitaagiza raba kwa basi la usiku. Bampa niifungue kabla ya kupiga rangi?

Fundi Rangi Katwe:
Hapana, klipu za zamani zitavunjika. Bandika gazeti na teipu kwenye rangi ya bodi, inatosha. Na usisahau taa.