Tupeane uzoefu: mlikuwa mnashindania wapi, wana Mtwara na Lindi?

Wakuu, salaam. Juzi nimekesha nafuatilia habari za uwanja wa mbio za magari wa North Wilkesboro, North Carolina, kule Marekani. Ni mbio za NASCAR, zile zilizoanza na magari ya kawaida ya kutembelea, mafundi wakayaongezea nguvu. Watu wa milima ile walikuwa wanapika gongo na kuisafirisha usiku wakikimbizana na polisi. Baadhi ya madereva hao ndio waliokuja kushindana mchana kweupe.

Uwanja ulifunguliwa 1947. Mzunguko wake ni kilomita 1 tu, upande mmoja unateremka, wa pili unapanda. Ulipouzwa, wamiliki wapya wakazihamishia mbio kwenye viwanja vyao vingine, na baada ya 1996 mashindano makubwa hayakuonekana tena. Majani yakaota kwenye nyufa za lami. Mwaka 2019 dereva Dale Earnhardt Jr. akaenda na wenzake kung'oa magugu ili uwanja upimwe na kuingizwa kwenye mchezo wa kompyuta. Mwaka 2023 magari yenyewe yakarudi kushindana.

Ile picha ya watu wanang'oa magugu mahali pasipo na mbio imenikaa moyoni. Sisi Nachingwea tulikuwa na tuta la reli ya zamani. Tulishindana baiskeli pale baada ya msimu wa korosho, wakati kila nyumba ina senti za kununua tairi. Mnyororo ukilegea unatoa kiungo kimoja kwa jiwe na msumari, unaendelea. Mwisho wa mbio ulikuwa kalvati iliyobomoka: ukichelewa kufunga breki unaingia korongoni. Mimi niliingia. Kovu liko hapa kwenye kiwiko mpaka leo.

Na nyie mlikuwa mnashindania wapi? Tupeane uzoefu.

Binti wa Mikindani:
Kwetu ilikuwa magari ya mbao yenye beringi. Beringi tulikuwa tunaomba gereji, zilizochakaa, tunazilowesha kwenye mafuta ya taa usiku kucha mpaka zizunguke. Kaka yangu ndiye alikuwa dereva, mimi msukumaji. Siku moja aliumwa malaria nikakaa mimi. Wavulana wakasema msichana hashindani. Bibi mmoja aliyekuwa anauza mihogo pale juu ya mteremko akawaambia, "Mwacheni ashuke, mtamwona chini." Nilishuka kwa kulala chali, miguu ndiyo usukani. Nilikuwa wa pili. Ile sauti ya chuma kwenye lami, jamani, meno yote yanatetemeka.

Mdau wa Magomeni, Mtwara:
Sisi pikipiki, jioni, uwanja wa wazi. Sitaki kusema mengi. Rafiki yangu alivunjika mguu, akakaa miezi nyumbani, na mimi ndiye niliyemshawishi siku ile. Vijana mnaosoma, vaeni kofia ngumu, na msishindane barabara yenye watu.

Mzee wa Bonde la Lukuledi:
Wanangu, hamjambo. Huyo wa Nachingwea amenigusa. Lile tuta mnajua ni la nini? La karanga. Waingereza walianza mradi wao 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu, wakauacha 1951. Walijenga bandari na reli kwa mzigo wa karanga ambao haukuja. Reli ikajikokota hivyo hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki na kazi.

Mlikuwa mnapaona pazuri kwa baiskeli kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla. Mahandisi walichonga kilima na kujaza bonde ili gari moshi lipite taratibu. Nyie mkaja na baiskeli mkakuta njia imeshasawazishwa. Marehemu baba yangu alibeba udongo wa tuta hilo kichwani, kwa karai. Akituona tunakimbiza baiskeli juu yake alikuwa anasimama pembeni anatuangalia mpaka tumalize, halafu ndipo anatuita kula.

Mwanzisha mada:
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hayo maneno ya karai nikatoka nje kwanza. Miaka yote nimepita juu ya lile tuta sijawahi kuuliza nani aliubeba ule udongo.

Dada wa Mikindani, huyo bibi wa mihogo namwombea heri popote alipo.

Mzee, mara ya mwisho nilipopita, kipande kikubwa kimeshaingia kwenye mashamba ya mikorosho, na sehemu nyingine huoni kitu kwa vichaka. Kalvati bado ipo. Mwezi wa saba nakuja nyumbani likizo, na panga nimeshanunua. Nielekeze tuta linapoanzia upande wako, nianze kufyeka kutokea huko.